Mjadala: Je, "alinianza yeye" uwe utetezi kamili katika kesi ya shambulio?

Naileta hoja hii baada ya kusikiliza kesi ya kijana wa bodaboda katika mahakama moja hapa Moshi, aliyeshtakiwa kwa kumpasua abiria mdomo. Alipopewa nafasi ya kujitetea alisimama, akasema, "Mheshimiwa, alinianza yeye," kisha akaketi na helmeti yake magotini. Mkanda wa helmeti ile ulikuwa umekatika karibu na kifungo. Tulipotoka nje ndipo alipotueleza kwamba abiria, baada ya kugombana juu ya nauli, aliuvuta mkanda huo kutoka nyuma hadi yeye akakosa pumzi, naye akarusha kiwiko ili ajinasue. Maneno hayo, ambayo ndiyo yaliyokuwa utetezi wake wote, hakuyasema mahakamani.

Wengi tunaamini kwamba kuchokozwa ni utetezi, lakini katika Kanuni ya Adhabu sivyo. Shambulio la kudhuru mwili, ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 5, halifutwi na tusi ulilotukanwa wala kofi lililokwisha kupita. Uchokozi unaweza tu kumfanya hakimu apunguze adhabu. Kinachofuta kosa ni kujihami, yaani hatari iliyokuwapo wakati ule ule na nguvu isiyozidi iliyohitajika kuizuia. Tena mshtakiwa halazimiki kuthibitisha kwamba alijihami: akishaeleza jambo linaloleta shaka ya msingi, ni kazi ya upande wa mashtaka kuiondoa.

Mimi napinga uchokozi kufanywa utetezi kamili, kwa sababu kila mwenye ngumi nzito atakuja na tusi la kusingizia. Ninyi mnasemaje?

Mchangiaji wa Sanawari, Arusha: Ndugu mleta hoja, sikubaliani nawe. Aliyeua kwa hasira ya ghafla, kabla damu haijapoa, sheria humwondolea kosa la kuua kwa kukusudia. Iweje basi hasira hiyo hiyo isimsaidie chochote aliyepiga ngumi moja baada ya kutukaniwa mama yake mbele ya watu? Na kijana wako tusimpambe sana, maana hata mimi nilikuwa ndani siku ile, na mlalamikaji alieleza kwamba alipokwisha kuanguka alipigwa teke la mbavu.

Mleta hoja: Ndugu yangu, huyo aliyeua kwa hasira haachiwi huru, anatiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, kosa ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Hasira imempunguzia uzito wa kosa, haikumsafisha, na kwa aliyepiga ngumi nataka ifanye kazi hiyo hiyo wakati wa kupanga adhabu. Kuhusu teke umesema kweli, nami silitetei, kwa kuwa mtu aliyelala chini akishika mdomo wake hakuwa tena hatari kwa yeyote. Linaloniuma ni kwamba kiwiko na teke vilihukumiwa kama tendo moja, ilhali kiwiko kilikuwa na maelezo yake, na maelezo hayo yalikaa magotini mwa mshtakiwa tangu kesi ilipoitwa hadi hukumu iliposomwa, bila mtu yeyote kuuliza mkanda ule ulikatwa na nini.