Nyumba ya mawe Kiponda: tufanye nyumba ya wageni, mkahawa, au tumkodishe mwekezaji?

MjukuuWaKiponda
Assalaam alaykum ndugu zangu. Naomba ushauri kwa waliopita njia hii kabla yetu. Tuna nyumba ya babu Kiponda, Mji Mkongwe, Unguja. Nyumba ya mawe, ghorofa mbili juu ya ile ya chini, na dari juu yake, yaani paa la kukalia. Mlango wa mbele ni wa nakshi, bado mzima. Tangu bibi alipofariki huko juu hakai mtu, kuna popo na vitanda vya zamani tu. Hatutaki ije ituangukie sisi tunaangalia.

Njia ni tatu. Ya kwanza, tuitengeneze iwe nyumba ya wageni yenye vyumba vinane. Ya pili, tufungue mkahawa chini na darini, katikati tukae wenyewe. Ya tatu, kuna mwekezaji anataka tumkodishe miaka 25, aitengeneze kwa pesa zake. Anataka jibu kabla ya mwezi kwisha. Nyie mngechagua ipi?

FundiChokaa
Waalaykum salaam. Mambo ya msingi hujatwambia bado. Kwa karatasi nyumba ni ya nani? Warithi wangapi? Mamlaka ya Mji Mkongwe imeiweka daraja gani la uhifadhi? Dari inavuja? Boriti ni zile za mikoko au kuna mtu keshamwaga zege? Na mfukoni mna kiasi gani? Bila ya haya kila mtu atakujibu kuhusu nyumba yake, si yako.

Shangani_Pwani
Nyumba ya wageni, wala usisite. Mgeni anayekuja Mji Mkongwe anataka kulala ndani ya historia yenyewe, na wewe unayo. Tazama lile jengo la Extelecoms pale Shangani. Lilikuwa la mambo ya simu, likatengenezwa, mwishoni mwa miaka ya 1990 likawa hoteli ya Serena, na leo limesimama vizuri kuliko majumba mengi ya jirani. Jengo linaloingiza pesa ndilo linalopata fundi kila mwaka.

Na hivyo unavyoviita vitanda vya zamani, kama ni vya besera, vile vya nguzo nne, msimpe mtu wala msiviuze. Chumba kimoja chenye kitanda cha bibi yenu kina thamani kuliko vitano vyenye vitanda vya dukani.

BintiMalindi
Kaka Shangani, huo ulikuwa mradi wa Aga Khan, una wasanifu na pesa za kungojea. Huyu ana familia na popo.

Mimi nasema mkahawa, na sababu yangu ni moja: maji. Vyumba vinane ni mabafu manane, na mabafu sita kati ya hayo yatakaa juu ya boriti. Mkahawa unataka jiko moja na vyoo viwili, vyote chini, juu ya ardhi. Unaweza kuanza na baraza na meza nne, kahawa, tangawizi, mkate wa kumimina, ukaona kama watu wanafika Kiponda au wanaishia Forodhani. Ukishindwa, nyumba yako bado ni nyumba.

Ila huko darini nendeni taratibu. Juu ya dari unaona ua wa kila jirani, na wenzenu wanaanika nguo na kukaa bila ya ushungi. Kabla hamjaweka kiti kimoja, mama zenu wapite nyumba kwa nyumba wazungumze na jirani. Najua dari moja hapa mtaani Malindi iliyofungwa kwa ugomvi wa namna hiyo tu, chakula chao kilikuwa kizuri kabisa.

MzeeWaVuga
Mwanangu wa Kiponda, niwie radhi nitasema kwa urefu, maana hili lilinikuta.

Mimi na ndugu yangu tulifanya kama unavyotaka kufanya, vyumba sita. Tukamchukua mkandarasi kutoka nje ya mji, mtu wa majengo mapya. Tulipomwambia lipu iwe ya chokaa akasema chokaa inachelewa, sementi ni wiki mbili tumemaliza. Tukakubali, tulikuwa tunakimbilia msimu. Mabafu ya juu akamwaga zege juu ya boriti, akapanga marumaru. Mwaka wa kwanza nyumba iling'aa, kila aliyeingia alisifu.

Masika ya pili rangi ikaanza kuvimba kama imeungua. Ukiigusa inapasuka, ndani unatoka unga mweupe, chumvi. Ulianzia kwenye kifundo cha mguu ukapanda mpaka kiunoni. Tukakwangua, tukapaka tena, ikarudi. Halafu nikaona doa kwenye dari ya chumba cha kulia, chini ya bafu la chumba namba tatu. Kwanza kama kisahani, baada ya Ramadhani kama sinia. Nikamwita fundi mzee wa mtaani kwetu, akapanda ngazi na bisibisi, akaichoma boriti. Bisibisi iliingia mpaka kwenye mpini, kama kisu kwenye boga. Akashuka bila ya kusema kitu, akaniambia niwatoe wageni leo hii.

Tulifunga miezi saba. Boriti tisa zilibadilishwa. Sementi ikavuliwa ukuta mzima, na nyuma yake udongo na chokaa ya wazee ilikuwa tope, unaichota kwa mkono. Matengenezo ya pili yalikula kuliko ya kwanza. Ndugu yangu akauza gari yake.

Sikwambii usifanye nyumba ya wageni, mimi mpaka leo ninayo, vyumba vinne. Nakwambia usimruhusu mtu akuharakishe, awe mkandarasi, awe mwekezaji.

FundiChokaa
Mzee wangu, pole sana, na ahsante kwa kulisema wazi.

Nieleze kwa faida ya wengine. Ukuta wa nyumba hizi ni mawe ya matumbawe, chokaa na udongo, unene wake karibu nusu mita. Ukuta huo unakunywa maji kutoka chini na kuyatoa kwa kupumua. Ukiuvika sementi umeuziba pua. Maji hayana pa kutokea, yanapanda, na chumvi inapanda nayo. Boriti nazo ni hivyo hivyo. Mti wa mkoko ukiwa mkavu unadumu miaka mingi sana na mchwa hauwezi. Ukae kwenye unyevu, unaoza kwanza pale kichwa chake kinapoingia ukutani, mahali usipopaona. Ndiyo maana nyumba inaonekana nzima mpaka siku inayoanguka.

Sote tunaikumbuka tarehe 25 Disemba 2020, Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu, ilivyoanguka sehemu yake ya mbele ikiwa kwenye matengenezo, watu wawili wakafariki. Jengo la Sultani Sayyid Barghash, la 1883. Mimi siku ile sikula.

Mjukuu, ikiwa lazima mabafu yawe juu, yapangeni moja juu ya jingine, pembe moja ya nyumba, upande wa ua, na bomba zote zipite nje ya ukuta ambapo mtu anaziona. Bomba likivuja usiku, asubuhi mtu akuone unalifunga. Na vyumba vinane nina wasiwasi navyo. Boriti haivuki zaidi ya mita tatu hivi, ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Ukianza kuvikatakata kwa kuta za matofali, kila ukuta ni mzigo juu ya boriti ambazo hazikuhesabiwa mzigo huo. Mimi ningesema vitano, vya nafasi.

MlamuMkongwe
Nawasalimu kutoka Lamu. Huku tuliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO 2001, mwaka mmoja baada yenu, na shida zetu ni ndugu. Nyumba nyingi za kwetu zimekuwa za wageni, zimetengenezwa vizuri, zidaka za ukutani, vile vishubaka vya kuwekea vitu, zimerudishwa, haki lazima isemwe. Lakini nyingi zimeuzwa kabisa. Watoto wa waliouza wanapanga vyumba nje ya mji wa mawe, na nyumba iliyozaliwa baba yao wanaingia kwa kuomba ruhusa kwa mlinzi. Hilo la miaka 25 kaka lifikirie mara mbili. Mtoto anayezaliwa leo atakuwa mtu mzima hajawahi kulala humo.

Jambo jengine, tafadhali msitoboe kuta kwa ajili ya kiyoyozi. Nyumba ya mawe ikiachwa ipumue, kiwanda (ua wa ndani) katikati, madirisha mawili yanatazamana, haina haja.

Shangani_Pwani
Ndugu Mlamu, hilo la kiyoyozi ni zuri kusema, lakini Januari na Februari kwetu mgeni anauliza kiyoyozi kabla ya kuuliza bei. Na Kiponda majumba yamebanana, si kama Lamu kuna upepo wa bahari moja kwa moja.

MlamuMkongwe
Lamu nako majumba yamebanana, njia zetu punda wawili hupishana kwa tabu. Upepo unaletwa na dari na kiwanda. Nyie mmevifunika viwanda vyenu kwa mabati mpate vyumba zaidi, kisha mnalalamika joto.

BintiMalindi
Hapo Mlamu kasema kweli, kwetu ua ulifunikwa tangu nikiwa mdogo na mpaka leo chini kunanuka uvundo. Lakini jamani turudi kwa mwenye mada, hajatujibu maswali ya Fundi.

MjukuuWaKiponda
Samahanini, nilikuwa nazungumza na ami. Majibu ni haya. Warithi ni saba, wawili wako Muscat na mmoja Dar. Huyo wa Dar anataka tumpe mwekezaji, wengine hawajasema. Dari inavuja pembe moja, tunaweka ndoo. Boriti ni za asili isipokuwa chumba cha nyuma, kina zege. Daraja la nyumba sijui. Pesa tunayo milioni 45 za Kitanzania, tukichanga. Chini kuna fundi cherehani, amepanga tangu zama za babu.

Na kuna karatasi ambayo ami kaitoa jana kwenye sanduku. Imeandikwa kwa hati ya Kiarabu, anasema ni ya wakfu, ya shangazi yake babu. Sijui kama inabadilisha kitu.

BintiMalindi
Mdogo wangu, inabadilisha kila kitu! Wakfu hauuzwi, hautolewi zawadi wala haurithiwi. Ikiwa nyumba nzima ni wakfu, hao saba hawana cha kugawana, wana haki ya kufaidika kwa masharti ya aliyeuweka. Msitie saini popote.

FundiChokaa
Nendeni Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana na karatasi hiyo, mchukue na ami. Halafu Mamlaka ya Mji Mkongwe mkaulize daraja, maana bila ya kibali chao hamgusi hata dirisha. Mwekezaji angoje. Kama nyumba anaipenda kweli, mwezi mmoja haumuui.

Na hiyo pembe inayovuja isingoje kitu. Wakfu au si wakfu, mkahawa au hoteli, tengenezeni dari kabla ya masika. Chumba cha zege nacho msiweke mtu wala mzigo mpaka kitazamwe kwa chini.

Shangani_Pwani
Nakubali kuhusu karatasi. Lakini msimfukuze mwekezaji. Milioni 45 zitamalizika darini na kwenye ukuta mmoja, kila aliyejenga hapa analijua hilo. Akikodishwa kwa njia halali, mkataba useme matengenezo kwa chokaa, useme nani anatengeneza dari mwaka wa 20, na nyumba irudi katika hali gani. Wengi wanaandika kodi tu na kusahau siku ya kurudishiwa.

MzeeWaVuga
Na fundi cherehani? Kila mtu kazungumza wageni, hakuna aliyemtaja. Mtu kakaa hapo tangu zama za babu, ndiye aliyekuwa anafungua mlango asubuhi na kuzima moto ukitokea. Nyumba iliyokaliwa haifi. Akitolewa chini, hata kwa miezi ya matengenezo, mjue mtamweka wapi.

BintiMalindi
Mzee, mimi ningemwacha pale pale hata mkahawa ukifunguliwa. Mgeni anakunywa kahawa barazani, cherehani inalia upande wa pili. Huo ndio mji wenyewe.

Shangani_Pwani
Chumba cha mbele ndicho chenye thamani kuliko vyote, dada. Huwezi kumpa fundi cherehani kwa kodi ya zamani halafu ukalipia dari.

MzeeWaVuga
Alilipa kodi miaka yote ambayo huko juu waliishi popo, mwanangu.

MlamuMkongwe
Mjukuu, huo mlango wenu juu ni wa mstari ulionyooka au wa upinde? Na una maandishi?

MjukuuWaKiponda
Umenyooka. Kuna maandishi juu lakini yamepakwa rangi ya mafuta, kijani, mara nyingi. Pembeni kuna mnyororo umechongwa kutoka chini mpaka juu, na chini kabisa kitu kama samaki.

FundiChokaa
Msikwangue kwa msasa wala brashi ya waya! Nakshi ikiliwa hairudi. Rangi ya mafuta inalainishwa na kutolewa pole pole na mtu wa mbao anayejua. Kwanza pigeni picha.

MjukuuWaKiponda
Ahsanteni nyote. Mwekezaji nimemwambia angoje, hakufurahi. Jumatatu ami na mimi tunakwenda Kamisheni. Fundi wa dari anakuja Jumamosi.

Mlamu, nimepitisha kitambaa chenye maji kidogo juu ya mlango. Mwisho wa maandishi kuna tarakimu nne za Kiarabu. Moja na tatu naziona vizuri, mbili za mwisho ziko chini ya rangi bado.

MlamuMkongwe
Basi ni ya miaka elfu moja mia tatu na kitu ya Hijria. Ziache hizo mbili mpaka fundi wa mbao afike. Tuletee picha.