Meli ndogo au kubwa: pwani yetu izikimbilie zipi?

Mkilwa: Ndugu zangu, kila tukisikia meli ya watalii tunaota zile za ghorofa chungu nzima. Mimi natetea ndogo, za abiria mia au mia mbili. Hazihitaji gati la kina kirefu. Zinatia nanga Kilwa Kisiwani, wageni wanashushwa kwa boti za mpira na kutembezwa magofuni na mwenyeji. Magofu yale yamo Urithi wa Dunia tangu 1981, meli ya watu 3,000 itawashushia wapi? Ikija hiyo Unguja, watu wanamwagwa kwa mpigo, wanazongwa na mapapasi, wale wanaowaandama wageni wakitaka kuwatembeza, wanarudi kula melini walikokwisha kulipia.

Baharia Mstaafu: Ndogo inayumba. Ngoja kusi ivume, utawaona wanavyotapika. Na nauli yake kwa usiku mmoja mara nyingi ni ghali kuliko ya kubwa.

Mtembezaji wa Malindi, Unguja: "Wanazongwa na mapapasi." Kaka Mkilwa, hao ni watu. Wana watoto shuleni. Mnakula samaki wa utalii halafu mnatutemea miiba?

Mama Forodhani: Venice kule Italia si walishapiga marufuku meli kubwa zote?

Baharia Mstaafu: Si zote, mama. Mwaka 2021 zilizuiwa za zaidi ya tani 25,000 kupita mbele ya San Marco, uwanja wao maarufu. Nyingine zikapelekwa bandari ya Marghera, ndani ya wangwa ule ule wa Venice.

Mkilwa: Galápagos, kule Ekuado, meli ya kutembeza wageni visiwani mwisho abiria 100, na Antaktika hawashuki zaidi ya 100 kwa wakati mmoja mahali pamoja. Wenzetu wanalinda mali yao. Kaka Mtembezaji, sikukutukana.

Mtembezaji wa Malindi: Umetukana. Unatuacha tuonekane kunguni wa mjini, kisha unakimbilia Galápagos.

Binti Shangani: Mimi nina nyumba ya wageni. Kuna mama wa watu alivutwa mkono hadi akagoma kutoka chumbani. Njaa haimfundishi mtu kushika mkono wa mgeni.

Mtembezaji wa Malindi: Dada, aliyemvuta hana leseni, mimi ninayo. Meli kubwa ikifunga gati, ziara zimekwisha kuuzwa humo humo ndani. Mabasi yanapita, sisi wenye vitambulisho tunabaki getini tunagombea wachache wanaotoka kwa miguu. Hapo ndipo mikono inaposhikwa.

Mkilwa: Hiyo ndiyo hoja yangu!

Mtembezaji wa Malindi: Siyo. Hata ndogo zinakuja na waongozaji wao, wanaijua historia yetu kwa kusoma. Nataka zamu: kila meli, ndogo au kubwa, ichukue wenye leseni wa pale iliposhusha.

Binti Shangani: Na vijana wasio na leseni? Ada wanaitoa wapi?

Mtembezaji wa Malindi: Wakasome kama tulivyosoma sisi.

Mama Forodhani: Jana ulikuwa papasi, leo unawafungia wenzio mlango!