Shamba la ekari 9.5 lenye mteremko: mitaa iwe na upana gani na vitalu vikatwe vipi?

Mrithi_Kibaha aliandika:

Wakuu, salaam.

Kuna shamba la familia upande wa Kibaha, tunataka kulipima viwanja vya makazi kisha tuuze. Ni mstatili, mita 160 kwa mita 242, jumla mita za mraba 38,720. Upande mfupi wa juu unapakana na barabara ya TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini). Upande mfupi wa chini ni kijito ambacho hutiririka masika na kukauka kiangazi. Ardhi inashuka karibu mita 10 katika mita 182 za kwanza, kisha inalala hadi kingo za kijito. Pande mbili ndefu ni mashamba ya majirani ambayo bado hayajapimwa.

Dalali ametuletea mchoro wake: mitaa mitatu ya mita 6 inayoshuka moja kwa moja kutoka barabarani hadi kijitoni, safu 6 za viwanja vya mita 20 kwa 23, kila safu viwanja 12. Jumla viwanja 72. Afisa mipango miji ameutazama mara moja tu akasema haupiti, twende tukachore upya. Ndugu wanaona tunanyang'anywa ardhi. Naomba wenye utaalamu mnieleze kwa namba: kasoro iko wapi, na mchoro mzuri ungetoa viwanja vingapi?

---

Kontua_Moja alijibu:

Mkuu, anza na kijito. Ndicho kinachopunguza shamba lenu, wala si upana wa barabara. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Kijito ni kijito hata kikiwa kikavu mwezi wa nane. Nendeni Ofisi ya Bonde la Wami/Ruvu wawaonyeshe ukingo unaanzia wapi, maana hapo ndipo kipimo kinapoanzia. Ukitoa mita 60 kwenye urefu wa 242 unabaki na 182. Sasa rudi kwenye mchoro wa dalali: katika kila safu, viwanja 3 vya mwisho vinaangukia ndani ya zile mita 60. Safu 6 mara 3 ni viwanja 18. Hivyo 72 yake ilikuwa 54 tangu siku ya kwanza. Vile 18 vingeuzwa kwa watu, nao wangekuja kubomolewa au kuzama.

Kwa hiyo shindanisha na 54. Mpangilio ambao ningeupeleka kwa afisa ni huu. Barabara kuu ya mtaa yenye mita 12 inashuka katikati ya shamba, kutoka barabara ya TARURA hadi mwisho wa eneo la kujenga. Mitaa mingine inakatiza mteremko. Ukishuka kutoka juu unakuta kitalu cha mita 50 (safu mbili zinazopeana mgongo, kila kiwanja kina kina cha mita 25), mtaa wa mita 10, kitalu cha 50, mtaa wa 10, kitalu cha 50, kisha barabara ya mita 12 inayopita kando ya hifadhi ya kijito. Jumlisha: 50+10+50+10+50+12 ni 182 kamili. Kwa upana, 160 ukitoa 12 zinabaki 148, yaani mita 74 kila upande. Hizo zinatoa viwanja vitatu vya mita 18 na kimoja cha kona cha mita 20. Safu 6 mara viwanja 8 ni 48. Vya kawaida ni mita za mraba 450, vya kona 500.

Barabara zote zinakula mita za mraba 6,920 kati ya 29,120 zinazojengeka, karibu asilimia 24. Hapo tofauti ya kweli na mchoro wa dalali ni viwanja 6. Ndugu waonyeshwe hesabu hiyo, si ile ya 72.

Sasa kwa nini mita 6 hazitoshi. Chukua mkanda wa mita 6 uupange kama utakavyokuwa watu wakishahamia. Mtaro wenye upana wa ndani wa sentimita 60 na kuta za sentimita 15 kila upande unakula 0.9. Nguzo za umeme na nafasi ya kuziachanisha na ukuta wa mtu zinakula mita 1. Zinabaki 4.1. Gari dogo moja likipaki, 1.8 zimeondoka, umebakiwa na 2.3. Gari la majitaka lina upana wa karibu mita 2.5. Kama eneo halina mfumo wa majitaka wa umma, kila nyumba italiita gari hilo. Siku shimo linapojaa, gari halifiki.

Mtaa wa mita 10 unapangika hivi: njia ya magari 5.5, mtaro mmoja 0.9 upande wa juu wa mteremko, mita 1.4 nyuma ya mtaro kwa ajili ya bomba la maji, na mita 2.2 upande wa chini kwa nguzo na waendao kwa miguu. Bomba na nguzo viwe pande tofauti, la sivyo kila shimo la nguzo litatoboa bomba.

---

Fundi_Mitaro alijibu:

Naunga mkono, ila mwelekeo wa mitaa ni mzito kuliko upana. Mita 10 kwenye mita 182 ni mteremko wa asilimia 5.5. Mtaro wa udongo kwenye mteremko huo haudumu. Maji yanachimba kwenda chini, kuta zinaanguka, na baada ya masika mawili barabara nzima imegeuka korongo. Dalali aliweka mitaa yote mitatu katika mwelekeo huo. Kwenye mpangilio wa Kontua ni barabara moja tu inayoshuka, kwa hiyo ndiyo pekee inayohitaji mitaro ya mawe na saruji pande zote mbili. Pesa za mawe zitawatosha kwa barabara moja, hazitawatosha kwa tatu. Kama hamwezi kujengea yote kwa mara moja, wekeni vizuizi vya mawe ndani ya mtaro vyenye kimo cha sentimita 30 kila baada ya mita 5.5, ili tope lijaze nyuma yake na maji yashuke kwa ngazi.

Mitaa ya kukatiza ina tatizo la kinyume: maji hayatembei. Sakafu ya mtaro iinamie barabara kuu kwa angalau nusu asilimia. Kwa mita 74 hiyo ni sentimita 37, maana yake mtaro unaoanza na kina cha sentimita 40 mpakani kwa jirani unafika na sentimita 77 kwenye makutano. Fundi asipopewa kipimo hicho kwa maandishi atachimba kina kimoja mwanzo mpaka mwisho, na maji yatalala.

Uso wa barabara pia uinamie upande wa juu, kwenye mtaro, kwa asilimia 3. Kwenye mita 5.5 ni sentimita 16 na nusu. Ukiuinamishia chini, maji ya mtaa mzima yanaingia kwenye mageti ya safu ya chini.

Karavati (bomba la kupitisha maji chini ya barabara) la mwisho, pale barabara kuu inapokutana na ile ya kando ya kijito. Chukua mvua ya milimita 100 kwa saa, eneo la mita za mraba 29,120, na asilimia 60 ya maji yanatiririka kwa sababu ya mabati na sakafu. Unapata takriban lita 485 kila sekunde, zaidi ya mapipa mawili ya lita 200, na sijaweka maji yanayotoka barabara ya juu. Bomba la zege la milimita 600 likilazwa kwa asilimia 1 na likiwa safi linapitisha kama lita 600. Tatizo halibaki safi. Mchanga ukijaa nusu ya bomba, linapitisha chini ya nusu ya lita hizo, na maji yanapanda juu ya barabara. Weka la milimita 900.

Halafu mageti. Kila mwenye kiwanja cha upande wa mtaro atatafuta namna ya kuvuka, na wengi hutupa bomba la inchi 6 wakafukia juu. Viwanja vinne, mabomba manne, na mtaro umekufa. Andikeni kwenye mkataba wa mauzo: kivuko ni bamba la zege la kuinuliwa, juu ya mtaro ulio wazi, upana usiozidi mita 4, bila bomba chini.

---

Mwana_Kilifi alijibu:

Salaam ndugu zangu. Natoa mawazo kutoka upande huu wa Kenya. Huku ploti iliyozoeleka ni futi 50 kwa 100, yaani mita 15.24 kwa 30.48, ile tunayoita moja ya nane ya eka. Faida yake iko kwenye uso wa ploti, yaani upana wake unaotazama mtaa. Ploti ya mita 20 mbele ya mtaa wa mita 10 inabeba mita za mraba 100 za barabara (nusu ya mtaa mara 20). Ya mita 15 inabeba 75. Ukubwa ni ule ule, ila barabara, bomba na nyaya za kila ploti zinapungua kwa robo. Kwa nini msigeuze viwanja viwe vyembamba na virefu zaidi?

---

Kontua_Moja alijibu:

Hoja ni nzuri, na kwenye shamba tambarare ningeifuata bila kusita. Tuijaribu hapa. Kina cha mita 30: 60+10+60+10+30+12, tena ni 182. Upana wa 74 unatoa viwanja vinne vya mita 14.5 na cha kona cha 16. Safu ni 5, kila safu viwanja 10, jumla 50. Umeongeza viwanja viwili tu, kwa sababu barabara zimebaki zile zile. Na safu ya mwisho ina barabara mbele na nyuma, hali ambayo ni hasara.

Kikwazo kikubwa ni mteremko. Kiwanja chenye kina cha mita 25 kinashuka mita 1.4 kutoka mbele hadi nyuma. Chenye mita 30 kinashuka 1.65. Mwenye nyumba atajaza kifusi kusawazisha, na kila sentimita anayojaza inahitaji ukuta wa kuzuia udongo usimwangukie jirani wa nyuma. Hapa mimi nabaki na 25. Kwenye shamba ambalo mteremko ni asilimia 1 au 2, chukua wazo la Kilifi.

---

Mrithi_Kibaha aliandika:

Asanteni sana, hesabu ya viwanja 18 imewatuliza wazee. Maswali mawili yamebaki. Mitaa ya kukatiza itagonga mpaka wa jirani pande zote mbili: tuifunge kwa kiwanja ili tupate zaidi? Na ile barabara ya chini ina viwanja upande mmoja tu, haiwezi kuondolewa?

---

Mpima_Bikoni alijibu:

Msiifunge. Jirani naye atapima siku moja, na mtaa wako ukiwa umezibwa ataanza mitaa yake mahali pengine, matokeo ni mashamba mawili yaliyopakana ambayo hayapitiki. Mchoro uonyeshe mtaa unafika mpakani na upana wake wote wa mita 10. Afisa ataangalia hilo kabla ya mengine.

Kwa sasa mtaa huo ni mfuko wa mita 74, mwisho wake hauna pa kutokea. Gari dogo litarudi nyuma, lori la taka au la zimamoto halipaswi. Duara la kugeuzia lori linataka nusu kipenyo cha karibu mita 11, yaani mita za mraba 380, na hapo umepoteza kiwanja karibu kizima kila mwisho wa mtaa. Njia rahisi: viwanja vya mwisho vilivyopakana na jirani, kimoja kwa kila mtaa kila upande, msiviuze kwanza. Vimwagiwe changarawe vitumike kugeuzia kwa umbo la T. Jirani akifungua mtaa wake, mnaviuza, tena kwa bei ya wakati huo. Ni viwanja 4 tu kwa mitaa miwili. Barabara ya chini nayo ishikiwe kiwanja kimoja kila mwisho. Haya yaandikwe kwenye mchoro kama maeneo ya kugeuzia ya muda, kwa sababu yakibaki kwa mdomo kuna ndugu atayauza.

Barabara ya chini ibaki. Ukiiondoa, safu ya mwisho inakipa kijito mgongo, na ukuta wa nyuma ndipo taka zinaporushwa na vyoo vinapotobolewa usiku wa mvua. Nyumba zikikitazama kijito, kuna macho. Pia hapo ndipo mtambo wa kusafisha mkondo utapita.

Sasa kona, jambo linalosahaulika kila mara. Kiwanja cha kona kikiachwa na pembe kali ya nyuzi 90, ukuta utajengwa hadi ncha, dereva haoni anayekuja, na lori linapogeuka linapanda mtaro. Kwenye makutano ya mtaa na barabara kuu, pima mita 5 kutoka nchani kila upande, ukate mshazari. Mwenye kiwanja anapoteza mita za mraba 12.5 tu, ndiyo sababu viwanja vya kona vimepewa mita 20. Kona iliyokatwa ina bikoni (mawe ya mpaka) mbili mahali pa moja, zikiwa umbali wa mita 7.07. Siku mpima anapokabidhi kazi, simameni kwenye kila kona mhesabu. Mkikuta bikoni moja, kona haijakatwa ardhini hata kama imekatwa kwenye karatasi, na mnunuzi atajenga kwa kufuata jiwe aliloonyeshwa.

Mfuatano wa kazi: kwanza upimaji wa hali ya ardhi wenye kontua (mistari inayounganisha sehemu zenye kimo sawa) za kila nusu mita (picha ya setilaiti haitoshi, haionyeshi maji yanakwenda wapi), ndipo mchoro wa mipango miji, uidhinishwe, ndipo bikoni. Kabla ya kuuza kiwanja cha kwanza, pitisheni greda mitaa yote kwa upana wake kamili, mita 10 na mita 12. Mtaa uliobaki kuwa kichaka unaonekana hauna mwenyewe, na jirani wa kwanza kujenga atausogelea kwa mita moja, wa pili kwa moja na nusu.

---

Fundi_Mitaro alijibu:

Nyongeza moja kwa greda: kabla hajashindilia, lazeni mabomba matupu ya kuvushia mabomba ya maji ya wateja chini ya kila mtaa, moja kila baada ya viwanja viwili, kina cha sentimita 80, ncha zake zitiwe alama ya zege. Bomba la maji liko upande wa juu wa mtaa, na nusu ya wateja wako upande wa chini.