Mrejesho: Prado ya safu tatu tumeinunua
Niliomba ushauri iwapo familia yetu ya watu saba inunue Toyota Land Cruiser Prado ya mwaka 2010, iliyotumika hapa Dar es Salaam, au iagize gari jingine kutoka Japani. Nawashukuru sana mlionijibu, hasa ndugu aliyesisitiza kwamba injini ya Prado ikaguliwe ikiwa bado ya baridi. Fundi aliiwasha alfajiri: hapakuwa na moshi, maji ya rejeta yalikuwa safi, ila bushi za mbele (vipande vya mpira kwenye viungo vya miguu ya gari) zilikuwa zimekwisha, na kwa sababu hiyo muuzaji akapunguza bei.

Safu ya tatu ya viti ndiyo iliyonipa mashaka zaidi. Watoto wanakaa bila shida, lakini mama mkwe, ambaye magoti yanamsumbua, hawezi kupenya huko nyuma, na viti hivyo vikisimamishwa nafasi ya mizigo inabaki finyu mno, kwa hiyo tukienda Moshi mwisho wa mwaka itabidi mabegi yafungwe kwenye keria. Injini ni ya petroli, lita 2.7, na foleni za mjini zinaifanya inywe mafuta kuliko nilivyopenda. Kadi ya gari tuliihakiki Mamlaka ya Mapato (TRA) kabla ya kulipa, na uhamisho wa umiliki umekwisha kukamilika.