Naombeni ushauri, mdogo wangu wa kambi ya dagaa na dozi ya ARV

Habari zenu wakuu, niko hapa Mwanza, mdogo wangu ni mvuvi wa dagaa visiwani Ukerewe, anatumia TLD, kile kidonge kimoja cha VVU chenye dawa 3. Sasa zile siku za giza, mwezi usipokuwepo, wanahamia kambi za mbali usiku kucha ziwani mchana wamelala, dozi anaruka, akirudi mbalamwezi ndo anaanza tena. Kipimo cha wingi wa virusi kimerudi juu ya 1,000 (nakala za virusi kwa mililita ya damu), nesi kasema atapewa ushauri wa karibu, anywe vizuri kama miezi 3 halafu apime tena.

Nilivyoelewa mimi, dawa haziui virusi, zinazuia visijizalishe, moja inazuia visijipachike kwenye vinasaba vya seli na zile 2 zinazuia visijinakili. Virusi hivi vikijinakili vinakosea sana, dawa ikipungua mwilini vile vilivyokosea kwa namna ya kuihimili ndo vinabaki na kuzaana. Bora hata TLD ni ngumu kuzoeleka na virusi kuliko zile za zamani zenye efavirenzi, ila dogo ndo kaifanya ngao, anasema "hii haizoeleki bro" 😏

Wenye uzoefu, anaweza kuhamisha muda wa dozi iwe saa 10 jioni kabla ya kuingia majini? Na CTC (kliniki ya dawa za VVU) ya kisiwani inampa dawa akienda na kadi yake tu au mpaka barua ya uhamisho? Na kipimo cha usugu, cha kuona kama virusi vimeshaizoea dawa, huwa wanaagiza lini, maana nasikia hakifanyiki kila kituo.