Nyumbani Nkuhungu: Watoto wa Mama

JUMAMOSI

Dada Agnes, 06:11
Bwana asifiwe familia. Baba Mkubwa shikamoo, Mama shikamoo. Nimelala nyumbani Nkuhungu. Natuma picha tano, naomba kila mtu azifungue aziangalie, asipitishe kidole tu.

Dada Agnes, 06:12
[Picha 5]

Dada Agnes, 06:19
Ya kwanza ni kona ya chumba cha Mama, upande wa koki. Ule ufa wa Pasaka umepanda. Unaanzia kona ya dirisha unashuka ngazi ngazi kwenye viungo vya tofali mpaka chini. Sarafu ya mia inaingia. Ya pili na ya tatu ni lipu, ukiigusa inadondoka unga, na hiyo nyeupe ni chumvi inayoachwa na maji yanayopanda ukutani kutoka chini. Ya nne ni nyuma, pale maji ya bati yanapodondokea, udongo umeliwa mpaka jiwe la msingi linaonekana. Ya tano ni kitanda cha Mama, muone kilivyo karibu na huo ukuta.

Dada Agnes, 06:20
Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, Novemba mpaka Aprili. Tuna wiki mbili, tatu tukibahatika. Leo tukubaliane.

Dada Agnes, 07:05
Naona watu 14 mmesoma.

Steven, 07:31
Shikamoo dada. Hiyo sarafu uliitoa au imebaki ukutani? Nauli yangu ya boda imepungua mia 😂

Binamu Rhoda, 07:32
😂😂😂

Dada Agnes, 07:33
Steven, huo ufa uko nyuma ya kichwa cha mama yako.

Steven, 07:40
Samahani dada.

Baba Eliya Fundi, 08:52
Mbukwenyi nyote. Nilipita jana jioni baada ya dada kunipigia, nikapima usawa wa ardhi kwa mpira wa maji. Kutoka ukuta wa chumba cha Mama mpaka uzio wa nyuma ni mita 6. Ardhi inatakiwa ikimbie nyumba, ishuke walau sentimita 15 katika mita 3 za mwanzo. Pale haishuki, imepanda sentimita 8 kuelekea uzio. Maji yote ya nyuma yanarudi kwenye msingi.

Baba Eliya Fundi, 08:58
Jambo la pili ni udongo. Juu mnaona mwekundu, lakini nilichimba kidogo nikakuta ule mweusi wa mbuga. Ukinywa maji unavimba, ukikauka unasinyaa. Nyumba inainuliwa na kushushwa kila mwaka, na haiinuliwi sawasawa kona zote. Koki imevuja kiangazi kizima, kona ile imelowa wakati nyingine tatu ni kavu kama mfupa. Ndiyo maana ufa umeanzia pale.

Dada Agnes, 09:00
Asante Baba Eliya. Someni jamani. Koki. Nimeisema tangu mwezi wa sita.

Steven, 09:04
Washa ya koki niliinunua dada, ilikuwa ndogo, haikukaa.

Dada Agnes, 09:05
Leo saa ngapi unaibadilisha?

Mama Doreen (Stella), 10:47
Poleni. Mimi naona tupige lipu upya ya saruji nzito, halafu rangi ile ya kuzuia maji. Huku Mwanza jirani yangu alifanya hivyo pakawa pazuri.

Baba Eliya Fundi, 11:20
Dada Stella, yule fundi wa mwaka juzi alifanya hivyohivyo na ndiyo hiyo inayodondoka. Maji yanaingia kwa chini. Ukiziba juu yanabaki ndani ya ukuta, yanapanda zaidi, mwisho yanatokea chumbani. Kwanza tuyaondoe kwenye msingi, ukuta ukauke, lipu ije mwisho kabisa, hata mwakani. Na ufa msiuzibe sasa. Steven chukua penseli, weka alama ncha ya juu ya ufa na uandike tarehe. Nataka nijue kama unatembea.

Steven, 11:26
Penseli ya kawaida au ya fundi?

Dada Agnes, 11:26
STEVEN.

Dada Agnes, 12:15
Nimekaa na Baba Eliya, kazi ni hizi. Gata pande zote mbili, na bomba la kushushia lifikishe maji mbali, yasimwagike mguuni pa ukuta. Paa letu ni kama mita 12 kwa 10. Mvua ya milimita 40, ambayo kwetu inashuka kwa jioni moja, ni lita 4,800. Nusu inakwenda nyuma, lita 2,400. Hizo ni ndoo kubwa 120, jioni moja, zinamwagwa kwenye ukuta wa Mama. Hebu fikirini mtu anasimama pale anamwaga ndoo 120.

Binamu Rhoda, 12:18
Na sisi tunanunua maji ya boza 🙆🏾‍♀️

Dada Agnes, 12:20
Ndiyo hilo Rhoda. Bomba la nyuma liingie kwenye tanki, likijaa litoe kwa mtaro. Pili, kifusi kirudishiwe penye shimo, kishindiliwe, ardhi ilazwe ikimbie nyumba. Tatu, sakafu ya nje ya zege, upana wa mita moja, nailoni chini yake. Nne, mtaro.

Baba Eliya Fundi, 12:34
Nyongeza. Hiyo sakafu ya nje isishikane na ukuta, tunaacha upenyo tunajaza lami, udongo ukivimba usisukume nyumba. Na mtaro nitauweka mita mbili kutoka ukutani. Kuna mafundi wanachimba mtaro umekumbatia ukuta, wakishuka kuliko msingi wameuangusha wenyewe.

Dada Agnes, 12:41
Mchango ni laki moja na nusu kila mtoto wa Mama, wajukuu wenye kazi elfu hamsini. Mwisho Ijumaa. Naanza orodha:
1. Agnes 150,000 ✅
2.
3.
4.
5.

Dada Agnes, 15:30
Orodha bado ina mimi peke yangu.

Binamu Rhoda, 15:44
[Bango: Tamasha la kwaya, Jumapili, wote mnakaribishwa]

Dada Agnes, 15:45
Rhoda mwanangu, si sasa hivi.

Mama, 17:02
[Ujumbe wa sauti 1:14]

Steven, 17:10
Kwa ambao hawajasikiliza: Mama anasema amewasikia. Fundi amemwambia bustani ya mchicha iondoke ukutani kwa sababu anaimwagilia asubuhi na jioni. Anasema mchicha huo ndio uliowalea wajukuu, na kama ukuta hautaki mchicha basi ukuta ndio uhame.

Binamu Rhoda, 17:11
Bibi 😂😂 nakuunga mkono

Baba Eliya Fundi, 17:30
Mama mkubwa shikamoo. Sikusema ing'olewe. Niihamishie mita tatu mbele, upande wa jiko, nitakutengenezea matuta mwenyewe. Maji ya kila siku pale ukutani ni sawa na mvua isiyokatika.

Kaka Daudi, 21:48
Habari za jioni. Nimetoka kazini sasa, foleni ya Mbagala mnaijua. Nimesoma yote. Swali langu moja: nyumba imesimama tangu 1994. Ilipita Elnino ya 1997 na 98, reli ikakatika, nyumba yetu haikupata hata ufa. Kwa nini iwe leo? Isije kuwa fundi anatafuta kazi.

Dada Agnes, 21:55
Daudi. Miaka ile maji yalikuwa yanatokea nyuma. Unajua yalikuwa yanapita wapi. Yalipita kwenye lile eneo mpaka korongoni, hata mtaro hatukuwa nao kwa sababu hatukuuhitaji. Leo pale pana ukuta na kifusi cha moramu nusu mita. Nani alifungua mlango huo, mimi sisemi.

Mama Doreen (Stella), 21:58
Mimi nilisema siku ileile. Nikaambiwa niko mbali sijui mambo.

Kaka Daudi, 22:03
Ujumbe huu umefutwa

Kaka Daudi, 22:09
Agnes, kama unataka tuzungumze lile eneo, tuzungumze. Risiti za hospitali ninazo zote. Zote. Nimezitunza kwenye begi mpaka leo. Wewe ulikuwa Singida, Stella Mwanza, Steven alikuwa kidato cha tatu. Nani alikuwa analala chini ya kitanda wodini?

Dada Agnes, 22:10
Sijasema hukuwepo.

Kaka Daudi, 22:11
Umesema.

Steven, 22:30
Koki nimebadilisha. Haivuji tena.

JUMAPILI

Dada Agnes, 06:40
Bwana asifiwe. Nawakumbusha mchango. Na lipo jambo la mwarobaini, mizizi yake imefika ukutani. Stella ameniambia kwa simu tuukate.

Baba Eliya Fundi, 07:15
Tusiharakishe. Uko mita nne na nusu kutoka ukutani, ni mti mkubwa, unakunywa maji mengi. Ukiukata ghafla yale maji uliyokuwa unayavuta yanabaki, udongo mweusi unavimba, ukuta unainuliwa upande ule. Tupunguze matawi kwanza, mwakani tutazame.

Baba Mkubwa Kongwa, 14:26
Mbukwenyi wanangu. Nimetoka ibadani ndipo mjukuu akanisomea maneno yenu yote. Naandika mimi, anabonyeza yeye.

Eneo la nyuma liliuzwa kwa amri ya mdogo wangu, baba yenu, akiwa na akili zake timamu. Alinipigia simu siku tatu kabla. Alisema, kaka, nisaidie kusimamia, watoto wasigombane. Shahidi wa kwanza kwenye karatasi ile ni mimi, saini yangu ipo. Daudi alitumwa. Nilinyamaza miaka hii nikidhani mnajua. Kosa hilo ni langu. Kuanzia leo asilitaje mtu.

Sasa maji. Babu yenu alipojenga tembe pale Kongwa, alichimba kwanza mfereji upande wa juu, ndipo akachimbia nguzo. Baba yenu alinisaidia kutoa udongo akiwa mtoto. Aliyajua hayo. Aliiacha njia ya maji nyuma kwa kukusudia, akaiuza kwa sababu ya ugonjwa, na iliyobaki ni kazi yenu.

Agnes na Daudi, nendeni wote wawili kwa jirani. Si mmoja. Mbebe kitu mkononi. Mkamwombe tundu chini ya uzio wake, maji yapite kwa bomba mpaka korongoni, gharama yetu. Akikataa mniambie, nitakuja mwenyewe. Mwarobaini baba yenu aliupanda kwa mkono wake, usikatwe nikiwa hai.

Steven, 14:31
Amina Baba Mkubwa. Shikamoo.

Binamu Rhoda, 14:33
Shikamoo babu.

Baba Eliya Fundi, 14:50
Tumepokea mzee wetu.

Mama, 15:20
[Ujumbe wa sauti 0:06]

Dada Agnes, 19:12
Shikamoo Baba Mkubwa. Nimekusikia. Sikujua. Daudi, nitakupigia.

JUMATATU

Dada Agnes, 05:58
Habari za asubuhi. Orodha:
1. Agnes 150,000 ✅
2. Steven 40,000 (anamalizia)
3. Rhoda 50,000 ✅
4. Stella
5. Daudi
Baba Eliya anaanza leo na kile kifusi cha nyuma. Kirikuu inaleta kifusi saa nne. Steven usiende popote.

Mama Doreen (Stella), 09:40
Mimi nitatoa mwisho wa mwezi, ada za watoto zimenibana. Mwarobaini nimeacha. Ila naomba sakafu ya nje isubiri, kwanza gata.

Baba Eliya Fundi, 10:05
Inawezekana dada. Nikipata gata ya nyuma tu na ardhi ikilazwa vizuri, tutaanza msimu salama kiasi. Ya mbele inaweza kungoja. Ya nyuma haiwezi.

Kaka Daudi, 13:17
Nakuja Ijumaa kwa treni ya SGR. Jumamosi saa mbili asubuhi tuwe kwa jirani. Agnes usitangulie.

Dada Agnes, 13:18
Sitangulii. Nibebe nini?

Kaka Daudi, 13:25
Kuku wawili na kilo tano za karanga. Baba alipenda kupeleka karanga.

Steven, 16:42
[Picha]
Ncha ya ufa haijavuka alama ya penseli. Mama amekubali mchicha uhamie upande wa jiko, lakini nusu. Nusu nyingine anasema mpaka aone matuta mapya yameota.

Baba Eliya Fundi, 16:50
Nusu ipi?

Steven, 16:51
Ile ya karibu na koki haitaki kuitoa.

Dada Agnes, 20:33
Kuna laki tatu imeingia saa moja jioni kupitia kwa wakala, jina la wakala tu ndilo linaonekana. Nani ametuma? Naomba niandike kwenye orodha.

Dada Agnes, 20:58
Jamani, laki tatu. Niandike nani?

Baba Eliya Fundi, 21:06
Dada, duka linafunga kesho mchana. Gata ninunue za bati au za plastiki?