Midundo ya kwenye kishikwambi inateleza na haina uhai: nibadilishe kifaa au nibadilishe utaratibu?

Mdundo_Mpya aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Kwa miezi minane hivi nimekuwa nikitengeneza muziki kwa kishikwambi pekee, nikitumia programu moja ya mashine ya ngoma na nyingine tatu za sinthesaiza (za kuunda sauti za ala), na sasa nimefika mahali ambapo siwezi tena kujidanganya kwamba mambo yanakwenda sawa.

Tatizo la kwanza ni la kugonga. Nikigonga pedi (kitufe cha ngoma kwenye kioo) kwa kidole huku nikisikiliza kwa hedifoni zisizo na waya, sauti inakuja wakati kidole kimeshaondoka. Nikirekodi nikifuata metronomu (kibofyo kinachohesabu mapigo), snea (ngoma yenye mlio mkali) ninayoikusudia kwenye pigo la pili na la nne inajiandika kwenye hatua ya 6 na ya 14, badala ya 5 na 13 (programu hugawa kila baa, yaani mapigo manne, katika hatua 16), na kila mara nalazimika kuirudisha kwa mkono. La pili ni kwamba nikiacha kugonga na kujaza hatua zote 16 moja moja kwenye gridi, kila kitu kinakaa mahali pake, lakini biti inasikika kama saa ya ukutani. La tatu ndilo lililonikatisha tamaa: nilirekodi ngoma za wimbo mzima kwa waya kutoka kwenye kishikwambi kwenda kwenye kompyuta ya rafiki yangu, tukaiweka kompyuta kwenye mapigo 93 kwa dakika kama programu ya ngoma inavyoonyesha, kisha tukapiga besi kwa kufuata metronomu ya kompyuta. Mwanzoni vilikwenda pamoja. Dakika ya nne ilipofika, ngoma zilikuwa zimeitangulia besi kwa zaidi ya pigo zima.

Rafiki huyo ananishauri niachane na kishikwambi, kwa kuwa anakiona ni kifaa cha kuchezea tu. Kabla sijakubaliana naye, naomba wenye uzoefu wanieleze kama matatizo haya yanatoka kwenye kifaa, kwenye programu, au kwangu mwenyewe.

Fundi_Spika alijibu:

Ndugu Mdundo, kabla hujalaumu kishikwambi, vua hizo hedifoni. Sauti inayosafiri kwa Bluetooth hufungashwa, hutumwa kwa redio, kisha hufunguliwa upande wa pili, na safari hiyo kwa kawaida hula milisekunde 100 hadi 200 au zaidi. Mtu anayesikiliza wimbo uliokwisha kurekodiwa hana habari nayo, na anayetazama video hufichwa kwa sababu picha nayo hucheleweshwa makusudi ili ilingane na sauti. Mpigaji hana pa kujificha.

Tazama hesabu yako mwenyewe. Kwenye tempo ya 93, pigo moja ni milisekunde 645, na hatua moja ya gridi, ambayo ni robo ya pigo, ni kama milisekunde 161. Metronomu unayoisikia imeshachelewa ndani ya hedifoni. Wewe unaifuata kwa uaminifu, kwa hiyo kidole chako nacho kinachelewa kwa kiasi hicho hicho kulingana na saa ya ndani ya programu. Bila shaka umewasha kipengele kinachovuta kila pigo kwenye hatua iliyo karibu. Pigo likichelewa kwa zaidi ya nusu ya hatua, yaani milisekunde 80 na kidogo, programu inaona kwamba hatua ya 6 iko karibu kuliko ya 5, na inalipeleka huko. Kwa hiyo mkono wako haukosei. Unaadhibiwa kwa kusikia vizuri.

Tumia hedifoni za waya. Ikiwa kishikwambi hakina tundu la hedifoni, tumia kiunganishi cha USB-C au kadi ndogo ya sauti ya nje. Ukishafanya hivyo, ingia kwenye mipangilio ya programu utafute bafa. Bafa ni idadi ya sampuli (vipimo vidogo vya sauti) ambazo kifaa hukusanya kabla ya kuzitoa: sampuli 1,024 kwa kasi ya 48,000 kwa sekunde ni milisekunde 21, na sampuli 256 ni milisekunde 5 tu. Mimi hutumia 128 au 256 ninapogonga, na ninapochanganya sauti za sinthesaiza nyingi hupandisha hadi 512 au 1,024, kwa sababu bafa ndogo humnyima prosesa nafasi ya kupumua na sauti huanza kukatika kama redio yenye betri iliyochoka.

Jambo moja la pembeni: kioo chenyewe nacho kina subira yake. Kioo kinachosoma mguso mara 60 kwa sekunde kinaweza kuongeza hadi milisekunde 16 hivi, na hilo hakuna mpangilio utakaoliondoa. Ukiwa na kifaa cha Android, fahamu pia kwamba vifaa vinatofautiana sana. Mfumo wa sauti wa haraka uitwao AAudio uliingia na Android 8.0 mwaka 2017, lakini programu lazima iwe imeandikwa kuutumia.

Mama_Kinubi alijibu:

Namuunga mkono Fundi Spika, nami niongezee kuhusu biti inayosikika kama saa ya ukutani, kwa sababu hilo halitaponywa na waya.

Ukijaza hatua kwenye gridi, programu nyingi hulipa kila pigo nguvu ileile. Kwenye MIDI (lugha ambayo ala na programu za muziki hutumia kuwasiliana) nguvu hiyo huandikwa kwa namba, kuanzia 0 hadi 127, na mara nyingi utakuta zote ziko 100. Hakuna mpigaji ngoma duniani ambaye haihati zake (mapigo ya matoazi madogo mawili) nane zinalingana hivyo. Fungua ukurasa wa nguvu za mapigo, uchukue haihati peke yake, uiandike mfano hivi: 108, 62, 88, 55, halafu urudie kwa tofauti ndogo. Usiguse kitu kingine. Sikiliza baa nne. Utashangaa kwamba kiki (ngoma nzito ya chini) na snea ambazo hukuzigusa zimeanza kutembea.

Kisha nenda kwenye swingi. Wazo hili si la programu za kisasa. Lilikuwamo tayari katika LM-1 ya Roger Linn ya mwaka 1980, mashine ya ngoma iliyotumia sampuli, yaani vipande vilivyorekodiwa, vya ngoma halisi. Swingi huchelewesha kila hatua ya pili. Asilimia 50 maana yake hakuna kuchelewa, na asilimia 66 hukaribia mgawanyo wa pigo katika sehemu tatu. Kwenye tempo yako ya 93, hatua mbili kwa pamoja ni milisekunde 323. Ukiweka asilimia 56, hatua ya pili inasogea kwa milisekunde 19 tu. Sikio haliwezi kuzihesabu milisekunde hizo, lakini bega linazisikia. Anza na 54, upande moja moja, na usimame pale unapojikuta unatikisa kichwa bila kukusudia. Watu wengi huruka moja kwa moja hadi 62, kisha wanalalamika kwamba biti inachechemea.

Kugonga kwa vidole nako usikuache kabisa. Vioo vingi vya vishikwambi havipimi uzito wa kidole, kwa hiyo baadhi ya programu hukisia nguvu kwa mahali ulipogusa: juu ya pedi sauti ni kubwa, chini ni ndogo. Ukishajua hivyo unaweza kuzoea. Ila kama uwezo unaruhusu, pedi ya nje ya MIDI yenye mpira itakufaa kuliko programu ya tano.

Mdundo_Mpya aliandika:

Nawashukuru sana. Nimechomeka hedifoni za waya, nimeshusha bafa hadi 256, na snea imekaa kwenye hatua ya 5 na ya 13 bila mimi kuisogeza. Naona aibu kidogo kwa miezi minane niliyoipoteza. Haihati nazo zimebadilika kabisa.

Tatizo la tatu bado lipo. Limejitokeza na jingine dogo: kiki niliyoitengeneza kwa sinthesaiza inatikisa hedifoni, lakini kwenye spika za kishikwambi inapotea kabisa, kinabaki kibofyo kama cha kalamu.

Mzee_wa_Miksi alijibu:

Kwanza niseme kwamba sikubaliani na Mama Kinubi kuhusu pedi ya nje, angalau kwa sasa. Mtu ambaye jana ndiyo ameijua bafa yake hana haja ya kifaa kingine cha kujifunza. Aijue kwanza programu aliyonayo hadi aweze kuitumia gizani.

Tuje kwenye ngoma zinazotangulia. Umesema zilitangulia kwa zaidi ya pigo moja katika dakika nne, na kipimo hicho ndicho kinachonipa jibu. Ni kweli kwamba saa za vifaa viwili hazilingani kikamilifu, lakini tofauti ya kawaida ni ndogo mno. Hata tukisema saa moja inakimbia kwa sehemu 50 katika milioni, katika sekunde 240 tofauti itakuwa milisekunde 12. Kutoka milisekunde 12 hadi 645 ni mbali sana. Kwa hiyo saa si mshukiwa. Mshukiwa ni tempo yenyewe. Niambie: namba 93 uliiandika, au uliipata kwa kugonga kitufe cha tempo kwa kidole? Kama uliigonga, upo uwezekano kwamba programu imehifadhi desimali ambayo haikuonyeshi. Tofauti ya mapigo 0.4 tu kwa dakika hufikia pigo 1.6 katika dakika nne.

Vyovyote itakavyokuwa, acha kurekodi kwa waya ikiwa huna sababu. Toa faili ndani ya programu: kila ala na faili yake, zote zikianzia baa ya kwanza hata kama ala yenyewe inaingia baa ya 33, kwa kina cha biti 24 (kipimo cha ubora wa faili, si biti ya ngoma), na kilele cha sauti kikiwa karibu na desibeli 6 chini ya sifuri, yaani chini ya kiwango cha juu kabisa. Zima kikomo cha sauti (kipengele kinachobana vilele) kwenye traki kuu kabla ya kutoa, kwa sababu anayechanganya hawezi kukifungua tena. Faili hizo zikiwekwa kwenye kompyuta zitakaa mahali pake hata kama tempo ya kompyuta imekosewa, angalau zenyewe kwa zenyewe.

Kama unataka vifaa viwili vicheze kwa wakati mmoja, washa Ableton Link pande zote mbili. Imekuwapo tangu 2016 na hugawana tempo na mapigo kupitia mtandao wa ndani, bila kifaa kimoja kuwa bwana wa kingine. Na ikiwa kishikwambi chako ni iPad, angalia kama sinthesaiza zako zinakuja pia kama plagini za AUv3 (programu zinazofunguka ndani ya programu nyingine), utaratibu ulioingia na iOS 9 mwaka 2015. Hapo utazifungua zote ndani ya programu moja kama AUM au Cubasis, zikifuata tempo moja, badala ya kurukaruka kati ya programu nne na kubahatisha.

Kuhusu kiki, spika ndogo kama zile haziwezi kutoa sauti nzito ya Hz 50 (mitetemo 50 kwa sekunde), hata ukizipigia magoti. Kiki ya sinthesaiza kwa kawaida ni wimbi la saini linaloanza juu, tuseme Hz 200, na kuteremka hadi 50 hivi ndani ya muda mfupi sana. Kibofyo unachokisikia ni ule mteremko wa mwanzo, na mwili wote wa sauti uko mahali ambapo spika haifiki. Wimbi la saini halina sauti nyingine juu yake, kwa hiyo sikio halina cha kushika. Likwaruze kidogo kwa kipengele cha distoshoni, kidogo tu, hadi zizaliwe sauti za Hz 100, 150 na 200. Sikio litazisikia hizo na kukisia lenyewe kilicho chini. Refusha pia mteremko kutoka milisekunde 20 hadi 50 au 60 usikie tofauti. Ukimaliza, iweke kiki kwenye noti ya wimbo: wimbo ukiwa katika A, mwisho wa mteremko uwe Hz 55, na besi yako isikae hapohapo kwa wakati uleule, la sivyo utakuwa umewaweka mafahari wawili zizi moja.

Mama_Kinubi alijibu:

Mzee wa Miksi, kuhusu pedi nimekubali kushindwa nusu. Lakini nusu nyingine naibakiza: vidole vinachoka kugonga kioo kigumu, na mtu aliyechoka hupiga vibaya.

Mdundo_Mpya aliandika:

Nimerudi na majibu. Mzee, tempo niliigonga kwa kidole siku ya kwanza, nikaona imeandikwa 93, nikaridhika. Leo nimebonyeza namba hiyo na kuishikilia kwa sekunde mbili, kikatokea kisanduku kidogo ambacho sikuwahi kukiona: 93.4. Nimeandika 93.0, nimetoa faili saba zote zikianzia baa ya kwanza, na rafiki yangu amezipanga kwenye kompyuta yake. Hadi pigo la mwisho la dakika ya nne, ngoma na besi zimekaa pamoja. Hajasema lolote zaidi kuhusu kifaa cha kuchezea, ila ameniuliza jina la programu.

Kiki nimeikwaruza, na sasa inasikika kwenye spika za kishikwambi. Nadhani nimezidisha, maana kwenye hedifoni imekuwa na ukali karibu na Hz 200. Nitapunguza kesho, masikio yakiwa yamepumzika.